Mkasi wa Mama Fundi haukuingia ndani ya ndege



Juma hili ninaanza kwa kuungama. Mwaka uliopita mama mmoja wa kikundi chetu cha ushonaji, ambaye sisi wote tunamwita Mama Fundi, alijitayarisha kwenda Kinshasa kwa ndege. Mtoto wake wa kiume alikuwa anatoa mahari. Wamama 14 wa jamaa walikuwa wamekwisha kununua kitenge cha sare, na Mama Fundi ndiye aliyepaswa kukikata na kukishona kwa siku tatu tu. Jioni moja alikuja kwangu na kuniuliza: «Mwalimu, wewe umesoma. Huu mkasi wangu niuweke wapi? Naogopa kuuweka katika valizi, watauiba.» Nikamjibu bila kuwaza: «Mama, mkasi si kisu. Weka katika sakoshi yako, ukae nao.»

Mkasi huo haukuwa wa juzi. Ni mkasi mzito wa kukatia kitambaa, alioachiwa na marehemu mama yake, na kwa huo amesomesha watoto watano.

Kesho yake, kwenye mlango wa ukaguzi, sakoshi ilipita katika mashine, askari akaifungua, akatoa mkasi na kusema hauingii. Mama Fundi akaomba, akaeleza, akalia. Waliomsindikiza walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Valizi yake ilikuwa imekwisha kupelekwa kwenye ndege. Mkasi ukatupwa katika sanduku pamoja na nyembe na visu vya watu wengine, naye akapanda ndege mikono mitupu.

Sasa sikieni jambo lililonifanya nishike kichwa. Katika safari ile ile, ndani ya valizi ya baba mdogo wa bwana arusi, kulikuwa na panga mbili mpya zilizoandikwa katika orodha ya mahari. Zilifika Kinshasa salama, hakuna aliyeuliza neno. Panga mbili zimefika, mkasi mmoja umepotea! Niliona haya. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza, na leo nataka tujifunze pamoja ili mama mwingine asilie kwa sababu ya shauri la mwalimu wake.

Swali la kwanza: kitasafiri wapi?

Wengi wetu tunafikiri sheria ya ndege inauliza: «Je, kitu hiki ni cha hatari?» Kumbe swali lake la kwanza ni lingine: «Je, abiria ataweza kukishika mkononi wakati ndege iko angani?» Ndege ina sehemu mbili za mizigo. Kuna sehemu ya juu, mahali tunapokaa, ambamo tunaingia na sakoshi na mfuko mdogo. Na kuna tumbo la ndege, ambamo zinaingia valizi tulizopima kwenye mizani na kupewa kikaratasi. Kitu kilicho katika tumbo la ndege hakuna abiria anayeweza kukifikia mpaka ndege itue.

Kwa hiyo kanuni ni fupi, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikariri: chenye makali kishuke chini, kisipande nawe juu. Upanga wa kale, panga la shamba, shoka, kisu cha jikoni, kisu cha kukatia katoni, wembe mtupu, mkasi mkubwa: vyote ni vya tumboni. Ndiyo maana panga za baba mdogo zilipita. Hazikupita kwa ujanja, zilikuwa mahali pake. Na mkasi ulizuiwa kwa sababu ulikuwa mahali pasipo pake.

Huku kwetu tunatofautisha: panga ni la kulimia na kukatia kuni, upanga ni wa vita na wa wafalme. Mashine ya ukaguzi haijui tofauti hiyo. Yenyewe inaonyesha chuma chenye ncha na makali, basi. Usipoteze nguvu kumwambia askari kwamba kisu chako ni cha kumenyea mihogo.

Kwa nini wamekuwa wakali hivi?

Mama zetu wanakumbuka kwamba zamani hawakuwa wakali kiasi hiki. Ni kweli. Nchini Marekani, kabla ya mwaka 2001, mtu aliweza kuingia ndani ya ndege na kisu kidogo chenye ubapa usiofika inchi 4, yaani karibu sentimita 10. Tarehe 11 Septemba 2001 wanaume 19 waliteka ndege nne huko, wakitumia visu vidogo na vitu vya kukata vya namna hiyo. Watu karibu 3000 walikufa. Hawakuhitaji bunduki wala upanga mrefu. Tangu siku ile, dunia nzima ilikaza mlango.

Kanuni za usalama wa ndege zinatoka katika Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo makao yake yako Montréal, Canada. Kitabu chake cha kanuni za kulinda ndege dhidi ya watu wabaya kinaitwa Nyongeza ya 17, nacho kilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1974. Nchi yetu ni mwanachama. Kila nchi huchukua kanuni hizo na kuzifanya sheria zake, na inaweza kuongeza ukali. Ndiyo sababu kitu kilichokubaliwa katika mji mmoja kinaweza kukataliwa katika mji mwingine.

Mwaka 2013 wakuu wa ukaguzi wa Marekani walitaka kulegeza kamba, waruhusu tena visu vidogo visivyozidi sentimita 6. Walitangaza mwezi wa tatu. Wahudumu wa ndege, ambao wengi wao ni wanawake kama sisi, walikataa kwa sauti moja: sisi ndio tunaofungiwa ndani na abiria aliyekasirika au aliyelewa, si ninyi mnaoandika barua ofisini. Mwezi wa sita wakuu wakaacha mpango huo. Mnaona, wamama, hata katika mambo ya ndege kikundi kinachosema pamoja kinasikilizwa.

Vipimo vinavyobadilika kwa nchi

Wengi wetu tuna watoto au ndugu Ulaya na Amerika, na wengine wanapanga kwenda kuona wajukuu. Basi shikeni hesabu hizi.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kama Ubelgiji na Ufaransa, kisu au mkasi wenye ubapa unaozidi sentimita 6 hauingii ndani. Kwa mkasi, wanapima kuanzia kwenye msumari unaounganisha vipande viwili mpaka kwenye ncha, hawahesabu mahali pa vidole. Kwa hiyo kimkasi kidogo cha kucha za mtoto kinaweza kupita, bali mkasi wa ushonaji haupiti hata kidogo.

Nchini Marekani visu vimekatazwa ndani, vidogo na vikubwa. Mkasi unaruhusiwa kama ubapa haufiki inchi 4 kutoka kwenye msumari. Sindano za kufumia sweta wanaziruhusu. Wembe uliofungwa ndani ya plastiki, ule wa kunyolea na kutupa, unapita. Wembe mtupu wa karatasi haupiti.

Canada, tangu mwezi wa 11 mwaka 2017, inaruhusu ubapa usiozidi sentimita 6, ila si kwa ndege inayokwenda Marekani. Nyembe na visu vya kukatia katoni bado haviruhusiwi.

India wana jambo lao. Watu wa dini ya Sikh huvaa kisu kidogo kiitwacho kirpan, ambacho kwao ni alama ya imani. Katika ndege zinazosafiri ndani ya India wanaruhusiwa kuingia nacho, mradi ubapa usizidi sentimita 15.24 na urefu wote usizidi sentimita 22.86. Lakini Sikh huyo huyo akipanda ndege ya kwenda nchi nyingine, hawezi kudai ruhusa hiyo. Kirpan ya kipimo hicho inashuka katika valizi.

Kuna kanuni moja juu ya vipimo vyote hivi: neno la mwisho ni la askari aliyesimama mbele ya mashine. Hata kitu kilichoandikwa kwamba kinaruhusiwa, yeye akikiona cha hatari, anaweza kukikataa. Na msisahau kwamba safari ya mbali ina viwanja viwili au vitatu. Unaweza kupita hapa, ukazuiliwa Addis Ababa au Nairobi wakati wa kubadilisha ndege, mahali usipo na ndugu wa kumwachia kitu. Kwa hiyo shauri langu kwa mama wa kwetu ni hili: usibebe kipimo kichwani. Chenye makali chochote, kikubwa au kidogo, kiweke katika valizi. Hutajuta.

Namna ya kufunga panga, kisu au mkasi

Kuweka katika valizi peke yake hakutoshi. Kuna kijana anayebeba mizigo, na kuna mkaguzi anayeweza kufungua valizi yako na kuingiza mkono. Kisu kilichotupwa kati ya nguo kinaweza kumkata vidole, naye pia ana watoto. Sheria za nchi nyingi zinasema wazi kwamba makali yawe ndani ya ala au yamefungwa vizuri. Fanyeni hivi:

1. Kata kipande cha katoni ngumu, kikunje mara mbili, kivike upande wa makali kutoka mpini mpaka ncha.

2. Kwenye ncha, chomeka gunzi la mahindi lililokauka au kizibo cha chupa. Hivyo ncha haitatoboa valizi.

3. Zungusha skochi mara nyingi, kisha funga yote ndani ya kitambaa cha zamani na kukaza kwa kamba.

4. Lilaze katikati ya nguo, si pembeni wala juu. Panga refu lilaze kwa mshazari, kutoka pembe moja mpaka nyingine.

5. Bandika karatasi yenye maneno ya Kifaransa na Kiswahili kwamba ndani kuna vitu vya kukata. Ukiulizwa wakati wa kupima mizigo, sema kweli bila kuzunguka.

Upanga mrefu usioingia katika valizi unahitaji sanduku refu la mbao au bomba la plastiki lililozibwa pande zote mbili. Kwa mzigo kama huo nenda ofisini kwa kampuni ya ndege siku kadhaa kabla, uulize kama wanaupokea, na uombe jibu la maandishi.

Na wizi je? Woga wa Mama Fundi haukuwa wa bure. Wengi tumefungua valizi tukakuta nafasi. Kitu cha thamani kipige picha kwa simu kabla ya kukifunga. Andika orodha ya vitu vyote. Funga valizi kwa kufuli ndogo na uizungushie plastiki. Tunza kile kikaratasi cha mzigo kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto, maana bila hicho huna cha kudai.

Vitu vidogo tunavyovisahau

Mimi kama mwalimu ninajua vizuri mfuko wa mwanafunzi. Ndani yake kuna bikari yenye ncha na wembe wa kuchongea penseli. Mkisafiri na mtoto, mwaga mfuko wake mezani usiku wa kabla. Mama mjamzito anayekwenda kuzalia kwa mama yake hubeba wembe mpya kwa ajili ya kitovu. Uende katika valizi. Kisu cha kumenyea machungwa njiani, kimkasi cha nywele, vyote ni hivyo hivyo. Vijana wa ngoma na michezo ya kuigiza waliobeba mikuki na panga za mbao wajue kwamba hata kitu kinachofanana na silaha kinaweza kukataliwa ndani ya ndege.

Urithi wa babu una sheria yake

Katika nchi yetu chuma chenye makali si cha shamba tu. Wakuba wa Kasai wana kisu chao kiitwacho ikul, ambacho masimulizi yao yanasema kililetwa na mfalme Shyaam kama kisu cha amani. Waluba wana shoka la heshima linalobebwa begani na wakubwa. Huko Equateur kuna upanga uliopinda, ngulu, unaojulikana hata katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Kama jamaa yenu ina kitu cha namna hiyo, na mtoto aliye ng'ambo anaomba apelekewe, simameni kwanza.

Sheria ya mwaka 1971 inalinda vitu vya kale vya utamaduni wa nchi. Havitoki nje bila ruhusa. Ulizeni kwenye Taasisi ya Makumbusho ya Taifa kabla ya kununua tiketi. Kama mpini ni wa pembe ya tembo, ni jambo zito zaidi: mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea, ule unaoitwa CITES, umefunga biashara ya pembe za tembo wa Afrika tangu mwaka 1990, na kusafirisha pembe bila karatasi za leta kunaweza kukufikisha gerezani. Kusema «ni ya babu» peke yake hakutakuokoa.

Tena kumbukeni kwamba nchi mnakofika ina sheria zake pia. Uingereza, kwa mfano, ilipiga marufuku mwaka 2008 panga nyingi zilizopinda zenye ubapa wa sentimita 50 au zaidi. Ndege inaweza kuubeba upanga wako bila neno, kisha watu wa forodha wakauchukua mlangoni.

Wakikuzuia mlangoni

Usipige kelele, usiseme utani juu ya kuua au kuteka ndege. Utani huo umewafanya watu wengi wakose safari. Uliza kwa heshima: «Baba, naweza kurudi niuandikishe kama mzigo?» Kama muda upo, mara nyingine watakubali. La sivyo, mpe ndugu aliyekusindikiza. Kwa hiyo, shauri jingine: asirudi nyumbani anayekusindikiza mpaka umpigie simu kwamba umepita ukaguzi. Kama Mama Fundi angekuwa na mtu nje siku ile, mkasi ungekuwa kabatini mwake leo.

Wala usitoe matabishi ili kitu kipite. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo ilianguka Bandundu, watu 20 wakafa, akapona mmoja tu. Yeye alisimulia kwamba mamba aliyefichwa katika mfuko wa abiria alitoka, watu wakakimbilia mbele kwa woga, na ndege ikapoteza usawa. Kitu kimoja kilichofichwa katika mfuko kinaweza kugusa maisha ya wote walio ndani. Siku unaponunua njia ya kisu chako, kumbuka kwamba mwingine nyuma yako ananunua njia ya kitu kibaya zaidi, na mtoto wako amekaa kati yenu.

Tulifanya nini na Mama Fundi

Kinshasa aliazima mkasi wa jirani. Sare 14 zilikamilika usiku wa kuamkia sherehe, ingawa kidole chake kilivimba kwa sababu mkasi ule haukuzoea mkono wake. Aliporudi nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikuwa nimenunua mkasi mpya kwa mshahara wangu wa mwezi ule. Aliupokea, akaufungua na kuufunga mara mbili tatu karibu na sikio, akasema: «Mwalimu, huu unakata. Ule ulikuwa unanijua.» Kisha akanipikia chai. Sijasahau neno lile.

Ndiyo maana nawaandikia. Mwalimu asiyejua aseme «ngoja niulize», asijibu ili aonekane amesoma. Mimi nilijibu haraka, na aliyelipa ni mwingine.

Kazi ya kikundi juma hili: katika mkutano wenu, kila mama amwage sakoshi yake mezani na wenzake wahesabu vitu ambavyo vingezuiliwa kwenye kiwanja cha ndege. Mtacheka sana, mimi nilikutwa na viwili. Kisha mama mmoja aonyeshe wenzake namna ya kufunga panga kwa katoni na gunzi. Mwenye swali au kisa chake mwenyewe akiandike na ampe mwandishi wa kikundi, tutakisoma pamoja.

Safari njema kwa wanaosafiri, na amani kwa wanaobaki. Tukutane juma lijalo.

Mwalimu wenu